Mmea wangu unaokula nzi unageuka mweusi mdomo mmoja mmoja. Nakosea wapi?

#1 Baba_Salma (London), 26 Oktoba
Wakuu salaam. Naomba msaada kabla mtoto hajaamka siku moja akakuta msiba.

Mwezi uliopita nilimnunulia binti yangu ule mmea unaokula nzi, Dionaea, huku wanauita Venus flytrap. Pauni 6, duka la mimea. Ulikuja na midomo kumi na mmoja. Najua idadi kwa sababu Salma (miaka 7) kaipa yote majina. Leo imebaki sita. Weusi unaanzia kwenye ncha za yale meno, unashuka taratibu, na baada ya siku tatu nne mdomo mzima uko kama ganda la ndizi lililosahaulika kwenye begi la shule.

Tunakaa ghorofa ya nne. Mmea uko kwenye kingo ya dirisha la jikoni. Namwagilia kidogo kila asubuhi, maji ya bomba, lakini nachemsha kwanza. Sasa hivi anayekufa ni Bibi Harusi (ndiyo, ni jina la mdomo). Wajuvi mniambie.

#2 Kisiki_cha_Mpingo
Nimewahi siti ya mbele. Mkuu umewakimbia nzi wa Manzese, umefika Ulaya unalipa pauni 6 kuwatafuta.

#3 DadaWaRaleigh
Maji, kaka. Anza na maji.

Huu mmea kwao ni huku ninakoishi Marekani, North Carolina, na kipande cha South Carolina. Ukichora duara la kilomita mia na ushei kuuzunguka mji wa Wilmington, umeshamaliza makazi yake yote ya asili duniani. Niliwahi kupelekwa Carolina Beach, kuna njia ya kutembea kwa miguu ambako unaviona porini. Nilitarajia dude. Kumbe ni kijani kidogo kinachojificha kwenye nyasi chini ya misonobari, unaweza kukikanyaga.

Udongo wa pale ni mchanga na mboji nyeusi, umelowa, una tindikali na hauna rutuba. Naitrojeni na fosforasi inazitoa kwa wadudu kwa sababu ardhini hazipo. Sasa mizizi ya maskini wa namna hiyo ukiinywesha maji yenye chumvi chumvi inaungua. Hebu chungulia ndani ya birika lako.

#4 Nyundo
Huu ni mmea wa Amazon, unataka joto na unyevu. Ufunike na mfuko wa nailoni, uweke karibu na hita, utanishukuru.

#5 DadaWaRaleigh
Nyundo, umeiruka #3 kabisa? Wilmington na Amazon wapi na wapi. Wilmington inapata baridi, usiku wa Januari maji yanaganda. Na ukiufunika hivyo unaulea ukungu.

#6 Baba_Salma
Nimechungulia birika. Magamba meupe kama chaki, na wiki iliyopita tu nililikwangua kwa siki. Lakini si ndiyo maana nachemsha?

#7 Mwl_Klorofili
Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi haiendi popote. Mchuzi ukisahaulika jikoni ukakauka nusu, chumvi inapungua au inakolea?

#8 Fundi_Waya
Mwalimu, kwa heshima, hapo umeteleza. Yale magamba ya kwenye birika yametoka wapi kama si kwenye hayo hayo maji? Kwa hiyo kiasi fulani kimetoka.

#9 Mwl_Klorofili
Nakubali kwa nusu. Kuna ugumu wa muda na ugumu wa kudumu, kemia ya sekondari hiyo. Ule wa muda ukichemsha unaganda kama chokaa, ndiyo magamba. Ule wa kudumu unabaki, na kwa kuwa mvuke umeondoka, kilichobaki kimekolea. Kwa mmea huu nusu haitoshi. Wafugaji wake wengi hawavuki 50 kwenye kile kipimo cha kalamu cha chumvi, ppm (sehemu kwa milioni).

Na jagi la kuchujia la mezani msije mkalitaja. Linapunguza, lakini kwa maji ya London halifiki huko.

#10 Fundi_Waya
Basi jibu ni maji ya betri. Mimi ni fundi umeme wa magari, maji hayo yameondolewa kila kitu. Huko Uingereza ingia duka la vipuri uliza maji ya betri na ya pasi.

Ila soma chupa! Huku kwetu maji ya betri na asidi ya betri vinakaa rafu moja, chupa zinafanana kama mapacha. Mteja wangu mmoja alichukua ile nyingine akamwagia waridi la mkewe. Waridi halikuuliza swali.

#11 Mmaskati
Assalaam alaykum. Mie niko Maskati mwaka wa tisa. Huku maji ya bomba yanatoka baharini, yanachujwa halafu yanarudishiwa madini, kwa hiyo nayo hayafai. Mie natumia maji ya AC. Naweka ndoo chini ya lile bomba nje, kiangazi inajaa kabla ya adhuhuri. Bure.

#12 Fundi_Waya
Maji ya AC ni mvuke uliogeuka maji, kwa hesabu ni safi. Lakini yanapita kwenye mabomba ya shaba na vumbi la miaka. Umewahi kuona ile sahani ya ndani ya AC? Mimi nazifungua. Usiniulize nimekuta nini.

#13 Mmaskati
Wangu una mwaka wa pili, haujalalamika.

#14 Fundi_Waya
Na wewe hujaifungua AC.

#15 Mkaa_Ruaka
Mnashangaza. Mtu yuko London, mahali ambapo mvua inanyesha hadi watu wanaisalimia, na mnamtuma kwa fundi wa magari. Kinga maji ya mvua! Si ni bure?

#16 Baba_Salma
Ghorofa ya nne bila roshani, mkuu. Lakini nitaning'iniza ndoo hata kama mwenye nyumba ataandika barua.

Swali jingine. Chakula. Nzi hawapo msimu huu, kwa hiyo Salma amekuwa akiupa vipande vidogo vya soseji. Vidogo sana, kama punje ya mchele. Kuna mmoja alipewa jibini pia.

#17 Kisiki_cha_Mpingo
HAHAHA. Mmea wa watu umekuja kutoka Carolina umepewa kifungua kinywa cha Kiingereza.

#18 DadaWaRaleigh
Jamani Baba Salma, mbona hukusema mwanzo?

Soseji ina mafuta na chumvi. Haisagiki mle ndani, inaoza, na mdomo unaoza nayo. Hata mdudu mwenyewe ana masharti: asizidi theluthi ya ukubwa wa mdomo. Mguu ukichomoza nje mdomo haufungi vizuri, vijidudu vinaingia, weusi. Porini wanakula sana sisimizi na buibui kuliko hao nzi wa kwenye jina.

Tena haulazimiki kulishwa. Chakula chake kinatoka kwenye jua kama mchicha. Mdudu mmoja au wawili kwa mwezi, mmea mzima, sio kila mdomo. Baridi hii usiupe kitu.

#19 Mwl_Klorofili
Naongeza hapo kwa Dada. Ndani ya kila taya kuna vinyweleo, kwa kawaida vitatu. Ukigusa kimoja mara moja, mdomo hausogei. Ukigusa tena ndani ya sekunde kama ishirini, unafunga, na ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Hesabu haiishii hapo: mdudu akiendelea kupapatika na kugusa zaidi, ndipo majimaji ya kusagia yanapotoka. Watafiti wa Würzburg, Ujerumani, waliichapisha hiyo hesabu mwaka 2016. Charles Darwin naye aliuandika mmea huu kwa kirefu mwaka 1875.

Kwa hiyo kipande cha soseji kisichojitikisa ni mgeni aliyeingia akanyamaza. Mdomo unaona umedanganywa, unafunguka kesho yake. Umetumia nguvu bure.

Swali kwa Baba Salma: mtoto anaichokoza kwa kidole?

#20 Baba_Salma
...Ana kijiti cha meno.

#21 Kisiki_cha_Mpingo
Mwalimu kamkamata na kidhibiti mkononi.

#22 Baba_Salma
Wenzake walikuja kwenye siku yake ya kuzaliwa, kila mmoja alipewa zamu. Watoto tisa.

#23 Mwl_Klorofili
Basi mimi nimeshapata sababu yangu. Kila mdomo una idadi ya kufunga kabla haujachoka, si nyingi, na ukishakula mara tatu nne unakufa wenyewe hata kama umeulea vizuri. Midomo mitano kufa baada ya sherehe ya watoto tisa, wala haihitaji uchunguzi.

#24 Bi_Tausi (Toronto)
Mwalimu samahani, sikubaliani. Kidole kinachosha mdomo lakini hakiui mmea. Kinachoua mimea ya ndani ni giza, ila hakuna anayekiri kuwa nyumba yake ina giza.

Wangu wa kwanza niliuweka mezani karibu na televisheni kwa sababu ulipendeza pale. Majani yakarefuka, yakalegea kama tambi, na midomo ikawa kijani tupu bila ule wekundu wa ndani. Nikaupa wadudu, nikaubadilishia maji, haukusikia. Wa pili nimeuweka dirisha la kusini, na kuanzia Oktoba nauwashia taa ya mimea kwa saa kumi na mbili. Ndani mwake mwekundu kama ulimi wa paka. Unataka jua la kuupiga usoni, si chini ya saa sita kwa siku.

Baba Salma, dirisha lako linatazama wapi? Na chini yake kuna nini?

#25 Baba_Salma
Kaskazini.

Chini yake kuna hita. Tena nilimsikia Nyundo #4, nikaiongeza moto.

#26 Nyundo
Mimi nilisema karibu na hita, sikusema juu yake.

#27 Baba_Salma
Na kwa kuwa leo ni siku ya maungamo: chungu kilichokuja nao kilikuwa kidogo kama kikombe cha kahawa, nikauhamishia kwenye chungu kizuri cha udongo wa kuchoma. Nikajaza ule udongo wa mfuko wa kupandia nyanya, wenye mbolea ya miezi mitatu ndani. Nilidhani nauhurumia.

#28 Kisiki_cha_Mpingo
Wakuu huyu mtu ana kesi ngapi? Maji, soseji, kijiti, giza, moto, na sasa sumu. Anayebisha kwamba mmea huu ni shujaa aje hapa.

#29 DadaWaRaleigh
Uutoe humo leo hii. Usingoje kesho.

Suuza mizizi kwa maji ya betri au ya mvua. Usishangae kuiona: michache, myeusi, ndivyo ilivyo. Juu yake kuna kitunguu cheupe, ndicho uhai wenyewe. Panda kwenye peti tupu, ile mboji ya kinamasi, changanya na perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi) au mchanga mweupe wa kuchuja maji, ulioshwa. Visiwe vimetiwa mbolea. Chungu kiwe cha plastiki, kwa sababu vyungu vya udongo wa kuchoma vinatoa chumvi zake na kukausha upesi. Kiwe na tundu chini, kikae kwenye kisosi chenye maji ya kina cha kidole kimoja. Usimwagie juu kila asubuhi, utie kisosini unywe wenyewe.

#30 BintiKilindini
Kwani lazima hiyo peti? Mie nina orkidi zangu Mombasa naziotesha kwenye usumba wa nazi na zinapendeza. Si nao unashika maji vile vile?

#31 Mtoto_wa_Wete
Dada, usumba wa wapi? Kama ni ule wa kwetu wa kusokotea kamba, makumbi yanafukiwa pwani kwenye matope ya maji kujaa na kupwa miezi kwa miezi ndipo yakapondwa. Bibi yangu alikuwa na shimo lake, kaliwekea vigingi, na ole wako ufukue lisilo lako. Usumba ule ukiulamba ni bahari tupu. Orkidi inaweza kuvumilia, sijui. Hiki kidude cha Dada wa Raleigh kitakufa kabla ya Ijumaa.

#32 BintiKilindini
Haya, umenishika. Wangu nanunua wa matofali, ule wa dukani. Lakini nao mie huuosha maji saba.

#33 DadaWaRaleigh
Kuna wanaotumia usumba uliooshwa sana, nimewaona. Kwa anayeanza simshauri. Tayari ana mambo sita ya kurekebisha.

#34 Nyundo
Tukiacha hayo, Madagaska kuna mti unaokula watu wazima. Nimesoma. Wenyeji wanauabudu na wanautolea sadaka ya binti.

#35 Kisiki_cha_Mpingo
Chai. Tena ya tangawizi.

#36 Mwl_Klorofili
Ni chai ya zamani kweli kweli. Ilichapishwa na gazeti la New York mwaka 1874, ikatungwa na msafiri na kabila na kila kitu, magazeti mengine yakainakili. Hakuna mti huo. Kilichopo Madagaska ni jamii ya Nepenthes, mmea wenye vibuyu vilivyojaa majimaji, mdudu anateleza anazama. Ushelisheli nao wana wa kwao. Hakuna aliyemezwa zaidi ya mdudu.

#37 Omukama_wa_Ndizi
Mwalimu nisaidie hapa. Nikiwa mdogo Bukoba, kule kwenye majimaji tulikochunga ng'ombe, kulikuwa na kimmea chekundu chenye nywele na matone yanayong'aa kama umande hata saa saba mchana. Ukigusa kinanata. Visisimizi vidogo vilikuwa vimeganda juu yake. Sisi tulikuwa tunakipaka kwenye vidole tunaambiana ni gundi. Na chenyewe ni katika hawa?

#38 Mwl_Klorofili
Kwa maelezo hayo inaelekea ni Drosera. Tanzania na Uganda zipo, hasa ile inayoitwa Drosera madagascariensis. Ni ndugu wa huu wa Baba Salma, ukoo mmoja, ila wenyewe hauna mdomo, una gundi. Na kwenye mabwawa yetu kuna Utricularia, maua yake madogo yako juu ya maji, mifuko ya kunasia viumbe iko chini. Wengi tumeruka juu yake tukiogelea.

#39 Omukama_wa_Ndizi
Miaka arobaini ndiyo leo nimejua jina la gundi yetu. Shukrani.

#40 Mkulima_Njombe
Nimesoma yote. Mmezunguka maji, soseji, sijui nini, na tarehe ya uzi hamkuiangalia. Ni mwisho wa Oktoba. London. Mmea unalala!

Mimi niliwahi kuwa nao Uholanzi nilipokuwa masomoni. Ikifika vuli midomo mikubwa ya kiangazi inakufa yote, inakuja mifupi iliyolala chini, mingine haifungi kabisa. Rafiki yangu wa chumba alitupa wake kwenye pipa akidhani umekufa, kumbe ulikuwa unasinzia. Baba Salma, majani mapya yako vipi?

#41 Baba_Salma
Yako mawili. Mafupi, yamelala kwenye udongo kama yamechoka.

#42 Mkulima_Njombe
Kesi imeisha.

#43 Bi_Tausi (Toronto)
Haijaisha. Unaolala unapunguza majani ya zamani kwa utaratibu. Huyu katuambia weusi unaanzia ncha za meno unashuka. Hiyo ni chumvi.

#44 Mkulima_Njombe
Dada, wangu pia ulianzia ncha.

#45 Bi_Tausi (Toronto)
Na maji ulitumia gani Uholanzi?

#46 Mkulima_Njombe
Bomba.

#47 Kisiki_cha_Mpingo
Nimecheka hadi mtoto kaamka.

#48 Fundi_Waya
Nauliza kama mtu wa Dar. Mmea ukikosa hiyo baridi je? Jamaa yangu Mbezi alipewa mmoja, ulikaa mwaka na miezi miwili, ukawa unatoa midomo midogo, midogo zaidi, mwisho kama kucha. Akaamka siku moja haupo.

#49 Mwl_Klorofili
Ndiyo kawaida ya wasiolala. Unahitaji miezi mitatu minne ya baridi, kati ya nyuzi 0 na 10 hivi, na mchana mfupi. Na huku kwetu mchana haufupiki. London Desemba jua linakaa chini ya saa nane, Juni linapita kumi na sita. Wewe Mkulima hapo Njombe, baridi ya Juni na Julai unayo, hadi umande unaganda, lakini mchana wako mfupi na mrefu zaidi umepishana kwa saa moja tu. Wengine wanasema baridi peke yake inatosha, wengine wanasema mchana nao lazima. Mimi bado sijashawishika na upande wowote.

#50 Mmaskati
Mie hutia kwenye friji. Naung'oa Desemba, naosha mizizi, nauzungushia sfagnamu, ule mmea laini wa kinamasi, iliyolowa kidogo, ndani ya mfuko, droo ya mboga. Kila wiki mbili naangalia kama umeshika ukungu.

Mwaka wa kwanza mama mkwe alikuja kutoka Unguja. Kafungua droo, kaona mfuko una kijani cheusi cheusi, kasema hawa vijana wanaoza mboga kwenye friji, kaenda nao jaani. Nilikwenda kuutafuta usiku na tochi. Nilimwambia mke natupa taka.

#51 Kisiki_cha_Mpingo
Kwa hiyo AC ndiyo inaunywesha na friji ndiyo inaulaza. Huo sasa ni mmea wa umeme, usiombe mgao.

#52 DadaWaRaleigh
Friji inafanya kazi, ila kwa London sioni haja. Tafuta chumba kisichopashwa joto, dirisha lenye mwanga. Udongo uwe na unyevu tu, si kuelea. Hata ukionja jalidi kidogo hautakufa.

Na Baba Salma, kama utatafuta mwingine, ulizia wa kuoteshwa kitaluni. Huku kuchimba wa porini ni kosa la jinai kubwa North Carolina tangu 2014, watu wamefungwa.

#53 Baba_Salma, 2 Novemba
Mrejesho. Nimenunua kile kipimo cha kalamu. Maji ya bomba: 338. Yaliyochemshwa: 251, kwa hiyo Mwalimu na Fundi wote mna haki, gawaneni. Ya mvua kwenye ndoo: 11. Barua ya mwenye nyumba bado.

Nimeutoa kwenye udongo wa nyanya. Mizizi minne tu, kama nyuzi nyeusi. Kitunguu chake ni cheupe, kikubwa kama punje ya njugu mawe, nikikibonyeza ni kigumu. Midomo imebaki mitatu. Nimeuweka kwenye dirisha la ngazi za jengo, linatazama kusini na halina hita. Nimebandika karatasi: USIGUSE. Jirani kaandika chini yake kwa kalamu: kwa nini?

#54 DadaWaRaleigh
Kigumu ndiyo habari njema. Kingekuwa laini kinabonyea kama embe bovu, tungekupa pole. Sasa uache.

#55 Mkulima_Njombe
Uache. Kulala ni kulala.

#56 Kisiki_cha_Mpingo
Salma kasemaje?

#57 Baba_Salma
Kachukua kijiti cha meno kakificha. Nimekitafuta sijakiona.

#58 Baba_Salma, 19 Aprili
Uzi bado uko hai? Januari ulibaki na kijani cha ukubwa wa kitufe cha shati, niliacha hata kuwatajia. Kuanzia katikati ya Machi yametoka majani tisa. Midomo saba imefunguka, ndani mwekundu. Bibi Harusi ni jina la mwingine sasa, ule wa kwanza hakuna aliyeuzungumzia.

Jumamosi nzi wa kwanza wa mwaka kaingia kupitia mlango wa chini. Salma na mimi tulikaa kwenye ngazi dakika arobaini. Katua kwenye ukingo, kaingia, katoka. Kaingia tena. Ukafunga, na yale meno yakapishana kama vidole vya mtu anayeomba dua, mguu mmoja ukibaki nje unacheza. Salma kaniuliza kama nzi anajua. Nikamwambia hajui. Sina hakika nayo.

Sasa shida mpya. Katikati kumetoka kitu kirefu, mfano wa kijiti, kinapanda juu karibu sentimita moja kwa siku. Ni jani au nini?

#59 Mwl_Klorofili
Ncha yake ikoje? Ikiwa bapa yenye vijimeno, ni mdomo unakuja. Ikiwa ya mviringo kama kichwa cha kiberiti, ni ua.

#60 Baba_Salma
Kiberiti.

#61 DadaWaRaleigh
Kikate. Sasa hivi kikiwa kifupi. Mmea umetoka kuugua, ua litaunyonya hadi mwisho wa kiangazi.

#62 Bi_Tausi (Toronto)
Usikikate! Wangu ulichanua mwaka jana na uko hai. Maua meupe, yanasimama mbali juu ya midomo. Kuna watafiti wa chuo cha North Carolina State walitoa mwaka 2018 kwamba wadudu wanaochavusha yale maua kwa kawaida si wale wanaoliwa chini. Mmea wenyewe umepanga nani mgeni na nani kitoweo, wewe nani uingilie?

#63 DadaWaRaleigh
Wako haukupewa soseji, Bi Tausi.

#64 Mkulima_Njombe
Naungana na Dada, kata. Halafu kile kijiti kichomeke kwenye peti yenye unyevu, mara nyingine kinatoa mche.

#65 Mmaskati
Mie sikukata. Ulinuna mwezi mzima, lakini ukapona.

#66 Baba_Salma
Nilishika mkasi. Salma kashalipatia jina hilo ua.